Leza ya macho: herufi za ukutani na taa za Kitonga

Saa nne usiku tulikuwa tunapanda Kitonga. Mpwa wangu ameshika usukani wa semi-trela, mimi nimekaa pembeni yake na chupa ya chai mapajani. Ruaha Mbuyuni na joto lake tulishaiacha chini, baridi ya Ilula ilikuwa bado haijatufikia. Kwenye zile kona lori halikimbii, linatambaa, na kila gari linaposhuka, taa zake zinajaza kioo chote cha mbele kabla halijapita. Mpwa wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa leza miezi minne nyuma, na miwani aliyoivaa tangu darasa la saba alikuwa ameiweka kabatini. Nikamwuliza swali ambalo kila mvaa miwani analo moyoni: kweli unaona?

"Mjomba, ukutani nasoma mpaka mstari wa mwisho. Sita juu ya sita, wameniandikia. Ila iangalie hiyo taa inayokuja. Wewe unaona taa. Mimi naona taa na ua lake."

Akapunguza mwendo, akasubiri ua lipite, ndipo akaingia kona.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya hilo ua. Upasuaji wa leza kwa wasioona mbali ni moja ya kazi za kitabibu zenye matokeo mazuri kabisa, na hilo nitalieleza bila kulipunguza. Lakini matokeo tunayotangaziwa yamepimwa mahali pamoja tu: chumba tulivu, mwanga wa kutosha, herufi nyeusi juu ya ubao mweupe. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayatumia macho yetu kwenye ukungu wa Isyonje, kwenye upepo wa Makambako, kwenye mteremko wa Mbalizi usiku gari la mbele likiwa halina taa za nyuma. Kijana anayeuza shamba la parachichi ili akafanyiwe leza ana haki ya kuuliza ataona nini huko, na majibu yapo kwenye tafiti zilezile. Tatizo ni kwamba huambiwa nusu yake.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Jicho la mtu asiyeona mbali mara nyingi ni refu kuliko inavyotakiwa. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita kama 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi milimita moja tu, namba ya miwani inapanda kwa diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) zipatazo 2.5 hadi 3. Picha inatua kabla ya kuufikia ukuta wa nyuma, ile retina, na mtu anaona moshi. Mwenye mainasi 4 anaona sawasawa kitu kilicho sentimita 25 kutoka usoni, na baada ya hapo dunia yote inaanza kuyeyuka. Leza haiwezi kulifupisha jicho. Inachofanya ni kuchonga konea, kile kioo cha mbele ambacho peke yake hubeba karibu theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kukusanya mwanga. Ukikipunguzia mbinuko katikati, picha inarudi nyuma na kutua inapopaswa.

Leza yenyewe inaitwa eksaima, na mwanga wake wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193 hauonekani kwa macho. Kila pigo moja linaondoa tabaka jembamba mno bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983, Stephen Trokel na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mwanga huo unaweza kuichonga konea kwa usahihi ambao kisu hakiwezi kuufikia. José Barraquer wa Bogotá alikuwa ameanza kuifikiria kazi ya kubadili umbo la konea tangu miaka ya 1940, na Ioannis Pallikaris kule Krete ndiye aliyeunganisha mawazo hayo mawili mwishoni mwa miaka ya 1980: fungua kifuniko chembamba cha konea, chonga chini yake, kirudishe. Hiyo ndiyo Lasik. Njia iliyoitangulia, PRK, haina kifuniko. Hukwangua ngozi ya juu na kuiacha iote upya. Ya tatu, SMILE, hutoa kipande chembamba kama lenzi kupitia mpasuo mdogo wa pembeni.

Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba kila mgonjwa angeweza kuifanya kwenye karatasi. Kwa eneo la kawaida la milimita 6, kila diopta moja hula maikroni (elfu moja ya milimita) kama 12 za konea. Mpwa wangu alikuwa na mainasi 5, kwa hiyo aliondolewa maikroni 60, pungufu kidogo ya unene wa unywele mmoja. Konea yake ilikuwa na maikroni 540. Toa kifuniko cha 110, toa 60 zilizochongwa, chini panabaki 370. Madaktari hawataki pabaki chini ya 250, na wengi wao hawatulii mpaka waone 300. Mpwa wangu alikuwa mbali na ukingo. Nimeziweka hapa hesabu hizi kwa sababu wapo watu waliofanyiwa upasuaji huu ambao hadi leo hawazijui namba zao, na namba hizo zina kazi kubwa mbele, nitafika huko.

Sasa matokeo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyokusanya makala 97 za Lasik ya kisasa, yalikuta kwamba takriban macho 90 kati ya 100 yalifika 6/6 bila miwani, na zaidi ya 99 kati ya 100 yalifika 6/12, kiwango ambacho nchi nyingi hukikubali kwa leseni ya udereva. Macho yaliyopoteza mistari miwili au zaidi ya uwezo wa kuona hata kwa miwani bora yalikuwa chini ya moja kati ya 100. Ukizungumza na waliofanyiwa, zaidi ya 95 kati ya 100 husema wameridhika. Hakuna upasuaji mwingi wa hiari unaoweza kusimama na namba hizo. Mtu akikuambia leza ya macho ni utapeli wa mjini, mkatalie.

Lakini 6/6 ni kitu gani? Ni kipimo kilichotokana na kazi ya daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, aliyetoa chati yake ya herufi mwaka 1862. Maana yake ni kwamba ukiwa umesimama mita 6 unasoma herufi ambayo jicho zima linatakiwa kuisoma kwa mita 6. Ni kipimo kizuri, cha haraka, kinaeleweka dunia nzima. Kinapima jambo moja: udogo wa kitu cheusi sana kwenye weupe sana. Hakipimi kama unamtofautisha mtu mwenye koti la kijivu na lami ya kijivu saa kumi na mbili jioni manyunyu yakidondoka pale Uyole. Hakipimi mwanga unaotawanyika ndani ya jicho. Ndiyo maana mpwa wangu alikuwa na 6/6 na ua kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Ua hilo lina sababu. Usiku mboni hufunguka, hasa kwa vijana, na mwanga unaingia kupitia ukingo wa eneo lililochongwa na hata nje yake kidogo. Miali ya katikati inatua mahali pamoja, ya pembeni inatua pengine, na taa inavaa duara au miiba. Namba ya miwani ikiwa kubwa, uchongaji unakuwa mwingi na mpito kutoka eneo lililochongwa hadi lisilochongwa unakuwa mkali zaidi. Mashine za siku hizi huuchonga mpito huo taratibu, na tatizo limepungua sana kulinganisha na miaka ya 1990, ila halijaisha.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwahi kushiriki kulichunguza jambo hili kwa njia ambayo ningependa kila kliniki iige. Badala ya kuwauliza madaktari, waliwauliza wagonjwa wenyewe, kwa maswali yaleyale kabla na baada. Kundi moja lilikuwa askari wa jeshi la majini, jingine raia wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kati ya watu ambao kabla hawakuwa na dalili yoyote, 43 kati ya 100 katika kundi la kwanza na 46 kati ya 100 katika la pili walikuwa na angalau dalili moja mpya ya kuona ilipofika miezi mitatu: miale, duara, vivuli au picha mbili. Kama 28 kati ya 100 ya wasiokuwa na macho makavu walianza kuyahisi. Hapohapo, waliosema dalili zinawapa shida kubwa kwenye shughuli zao walikuwa chini ya mmoja kati ya 100, na baadhi ya waliokuwa wakisumbuliwa na miale kabla ya upasuaji, enzi za miwani au lenzi za macho, waliondokana nayo. Kwa hiyo utafiti mmoja unasema mambo mawili: karibu nusu ya waliokuwa safi watakutana na kitu kipya, na karibu wote hakitawapa shida kubwa. Tangazo la kliniki likikupa la pili likaficha la kwanza, limekunyima taarifa uliyoihitaji ili ujiandae.

Dereva wa malori anaihitaji kuliko mtu yeyote. Miezi mitatu ya maua kwenye taa si kitu kwa karani anayerudi nyumbani saa kumi na moja. Kwa anayeshuka Kitonga na tani 30 mgongoni, ni jambo la kupangia likizo. Mpwa wangu hakuambiwa apange. Aliambiwa kesho yake ataona vizuri, na kweli aliona vizuri, akarudi barabarani wiki iliyofuata. Alichokifanya ni kujitungia sheria zake: usiku hazidi mwendo fulani, na mvua ikinyesha analala Mafinga. Sheria nzuri, lakini zilipaswa zitoke kwa aliyemchonga.

Niende kwenye astigmatizimu, kwa sababu huku ndiko ahadi na matokeo huachana zaidi, na watu wengi wanayo bila kujua. Chukua kijiko, tazama mgongo wake. Ukipitisha kidole kwa urefu, mbinuko ni mlegevu. Ukikipitisha kwa upana, ni mkali. Konea ya mtu mwenye astigmatizimu imekaa hivyo, ina mbinuko miwili tofauti. Mstari wa wima unaweza kuonekana vizuri huku wa mlalo umepauka. Kwenye karatasi yako ya miwani, namba ya kwanza ni ile mainasi, ya pili inaitwa silinda, na ya tatu ni mhimili, kutoka 1 hadi 180, inayosema kijiko kimelala upande gani. Yangu inasomeka mainasi 4.00, silinda 1.75, mhimili 170.

Kwa kutoona mbali kwa kawaida, leza inachonga duara. Ikikosea kidogo, unabakiwa na robo au nusu diopta, basi. Kwa astigmatizimu leza inachonga umbo lenye mwelekeo, na hapo swali ni: mwelekeo gani? Jicho la mtu aliyekaa si sawa na jicho la mtu aliyelala chali. Ukijilaza kwenye kitanda cha upasuaji, jicho linaweza kujizungusha kidogo ndani ya tundu lake. Kwa wengi ni nyuzi mbili au tatu, kwa wachache hufika 10. Ukiichonga silinda kwa mhimili uliokosewa nyuzi 10, theluthi moja ya kazi imepotea. Ukikosea nyuzi 30, umebaki na silinda ileile uliyoingia nayo, ila sasa imelala upande mwingine, na miwani yako ya zamani haikusaidii tena.

Linganisha watu wawili. Mmoja ana silinda 0.75, leza imekosea nyuzi 10. Anabakiwa na kama 0.26, hata asijue. Mwingine ana silinda 3, kosa ni lilelile. Anabakiwa na zaidi ya diopta moja, na hiyo inatosha kumrudisha kwenye miwani. Wote wawili wameingia kliniki moja, wamesoma bango moja lenye asilimia moja. Ndiyo maana asilimia ya jumla haimfai mtu mwenye silinda kubwa. Anatakiwa aulize: katika watu wenye silinda kama yangu, wangapi wamefika wapi? Na aulize mashine inalitambuaje zungusho la jicho. Zilizo nzuri hupiga picha ya duara lenye rangi linaloizunguka mboni mgonjwa akiwa amekaa, kisha huitafuta mistari ileile akiwa amelala na kugeuza uchongaji uifuate. Pasipo mashine hiyo, daktari makini humkalisha mgonjwa wima na kumwekea alama ya wino kwenye jicho lenyewe kabla hajalala. Ukiona halifanyiki hata moja na silinda yako ni kubwa, uliza kabla hujapanda kitandani.

Halafu kuna upepo. Anayeijua Makambako mwezi wa nane anajua ninachosema: vumbi linalokuja kwa mlalo, midomo inapasuka, macho yanakuwa kama yamepakwa mchanga. Kukata kifuniko cha Lasik kunakata pia mishipa midogo ya fahamu ndani ya konea, ambayo ndiyo inayoliambia jicho kwamba limekauka, toa machozi. Mishipa huota tena, kazi ya miezi sita hadi mwaka, na kwa kipindi hicho jicho linakuwa kama bomba lililosahaulika kufunguliwa. Uso wa konea ukikauka, na picha inachafuka. Mtu anapepesa, anaona vizuri sekunde tatu, ukungu unarudi. Hospitali iliyo kwenye unyevu wa pwani haiwezi kukuonyesha hali hiyo. Anayetoka Njombe au Makambako angefanya vyema kupanga upasuaji wake mwanzo wa masika kuliko katikati ya kiangazi, na kuondoka na matone ya machozi ya kutosha miezi kadhaa, si chupa moja.

Kwa wanaofanya kazi za kugongwa gongwa, kifuniko nacho ni cha kufikiriwa. Kinashika, lakini hakirudi kuwa kitu kimoja na konea kama mwanzo. Pigo la jichoni linaweza kukihamisha hata baada ya miaka. Mkata mbao wa Sao Hill, bondia, askari, mfugaji wa ng'ombe wenye pembe: hawa PRK inawafaa zaidi, pamoja na maumivu yake ya siku tatu nne na kuona kunakochelewa wiki kadhaa. Huku milimani jua la mchana ni kali pia, na baada ya PRK miwani ya jua ni sehemu ya tiba, kwa sababu mionzi inaweza kuamsha utando mweupe kwenye konea inayopona.

Kuna mwalimu mmoja wa Njombe, rafiki wa familia yetu, aliyekwenda Dar es Salaam na akiba ya miaka mitatu. Alipimwa asubuhi nzima. Saa nane mchana daktari akamkalisha, akageuza kompyuta ili aione ramani ya konea yake, rangi nyekundu ikiwa imejikusanya upande wa chini kama jua linalozama. Akamwambia: sikufanyii. Konea ilikuwa inaelekea kuchomoza kama pembe, keratokonasi, bado changa kiasi kwamba miwani ilikuwa haijaishtukia. Kuchonga konea ya namna hiyo ni kuondoa matofali kwenye ukuta ambao tayari umeanza kuvimba. Mwalimu alilia kwenye basi kutoka Morogoro mpaka Mikumi, alinisimulia mwenyewe. Mimi naamini siku hiyo alipata huduma bora kuliko waliofanyiwa wote.

Asilimia nzuri nilizozitaja juu zimejengwa na "hapana" kama hiyo. Macho yaliyokataliwa hayamo ndani ya hesabu. Kliniki isiyokataa mtu haiwezi kukuahidi asilimia za kliniki inayokataa, hata zikitumia mashine ya aina moja. Konea kuchomoza baada ya Lasik ni jambo la nadra, lakini likitokea ni zito kuliko mainasi yoyote, na wanaolipata mara nyingi walikuwa na dalili kwenye ramani kabla. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana watoto wengi hukua na mzio wa macho, wakiyafikicha usiku na mchana, na kufikicha macho kunahusishwa na keratokonasi. Mwalimu yule aliyafikicha macho yake tangu utoto kila vumbi lilipoanza. Kuambiwa mapema kulimfaa: alipewa tiba ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno ya kuikaza konea, na sasa anavaa lenzi ngumu.

La umri nitalipitia haraka. Mtu akifika miaka ya arobaini, lenzi ya ndani inaanza kugoma kujikunja, na maandishi ya karibu yanasogea mbali. Leza ya konea haizuii hilo. Mwenye mainasi 3 akivua miwani anasoma gazeti bila shida mpaka uzeeni. Akishafanyiwa leza ya kuona mbali, atanunua miwani ya kusomea kama wenzake. Nina miaka 46 na kila usiku navua miwani nikisoma. Nimeamua sifanyi. Ningekuwa na 25, na silinda yangu hii, ningefanya.

Lililobaki ndilo linalonikosesha usingizi kuliko ua la Kitonga, kwa sababu halionekani wala haliumi. Presha ya macho, glakoma, inawapata Waafrika mapema na kwa ukali zaidi, na inaua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya. Kipimo chake cha kwanza kwenye kliniki zetu ni kuligusa jicho na kifaa kinachosoma jinsi konea inavyosukumika. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa konea ya unene wa kawaida. Konea iliyochongwa ni nyembamba, inasukumika kirahisi, na kifaa kinasoma presha ndogo kuliko iliyopo. Mtu mwenye 23, ambayo ni ya juu, anaweza kuandikiwa 18, ambayo ni ya kawaida, akapewa mkono wa heri na kurudishwa nyumbani, na glakoma yake ikaendelea. Daktari hawezi kulijua kosa hilo kwa kukutazama. Lasik nzuri haiachi alama inayoonekana kirahisi, na mgonjwa mwenye 6/6 hana sababu ya kukumbuka kusema alifanyiwa nini miaka 15 nyuma.

Mtoto wa jicho ana habari ya aina hiyohiyo. Siku ya kuwekewa lenzi ya bandia, namba ya lenzi hupigiwa hesabu kwa kutumia mbinuko wa konea. Konea iliyochongwa inaidanganya hesabu ya kawaida, na mtu anaweza kuamka na lenzi isiyo yake. Daktari akiwa na vipimo vya kabla ya leza, anaweza kuisahihisha.

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Aliyekuchonga yuko huko, au Nairobi, au India. Atakayekupima presha ukiwa na miaka 50 yuko hapa. Kati ya hao wawili hakuna faili linalosafiri isipokuwa ulilolibeba wewe. Kliniki yoyote inayomhudumia mtu kutoka mikoani inapaswa kumkabidhi karatasi moja: namba ya miwani ya kabla, unene wa konea, mbinuko wake, presha ya kabla, aina ya upasuaji, na maikroni zilizoondolewa. Mpwa wangu hakupewa. Aliomba kwa simu mara mbili, akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika.

Aliipata karatasi yake safari iliyofuata, alipokwenda kukaa pale mapokezi mpaka saa tisa, lori likiwa limeegeshwa Kurasini likisubiri mzigo. Ulikuwa mwezi wa kumi tangu upasuaji. Ua lilikuwa limenywea. Alisema sasa analiona kwenye taa nyeupe za magari mapya tu, tena mvua ikinyesha. Aliporudi Mbeya tulikwenda pamoja Mwanjelwa, kwenye kibanda cha fotokopi. Akatoa nakala tatu. Moja akaipiga plastiki na kuiweka na leseni, ya pili akampa mama yake. Ya tatu akanipa mimi, ndani ya bahasha ya kaki, juu ameandika kwa kalamu ya bluu: MACHO. ISITUPWE.